Gari Linaposahau: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumbukumbu ya Kontroli Boksi la Bodi

Maswali haya tumeyaokota kwenye simu, kwenye benchi la karakana yetu hapa Unga Limited, Arusha, na mengine tumeulizwa gari likiwa limegoma kando ya barabara pale Tengeru. Wanaouliza ni wenye magari na mafundi wenzetu, kwa hiyo majibu mengine ni mepesi na mengine yana waya ndani yake. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye swali la "Nianze kupima wapi?", lenye habari za umeme na ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bati la gari). Gari nyingi tunazoletewa kwa jina la "kumbukumbu imekufa" huishia pale.

Kontroli boksi la bodi ndilo lipi? Si lile la injini?

Silo. La injini linahesabu mafuta na cheche. La bodi ni karani wa nyumba: taa, indiketa, wipa, honi, sentro loki, pawa windo, alamu, na kwenye magari mengi ndilo linaloutambua ufunguo kabla injini haijaruhusiwa kuwaka. Vitabu vya ufundi huliita BCM. Kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoendesha huku limebanwa nyuma ya boksi la fyuzi chini ya dashibodi, na hulioni mpaka ulale chali, kichwa kwenye pedeli na miguu juu ya kiti.

Land Cruiser za zamani hazina habari hizi: swichi, rilei, waya, basi. Ndiyo maana kuna madereva wa utalii ambao hata uwape gari jipya bure watauliza kwanza kama lina "mambo ya kompyuta".

Linakumbuka nini, na linaweka wapi?

Lina mahali patatu. Kuna programu yenyewe, ile inayoliambia kazi yake ni nini; hii haibadiliki kwa matumizi ya kila siku. Kuna RAM, ambayo ni kama ubao wa chaki: linaandika linachofanya sasa hivi, na umeme ukikatika ubao unafutika. Halafu kuna EEPROM, ambayo sisi mafundi tunaitamka "iiprom". Hilo ndilo daftari. Humo mna namba za funguo, mpangilio wa gari (lina taa za ukungu au halina, milango miwili au minne), na kwenye baadhi ya magari nakala ya kilomita.

Daftari lenyewe ni chipu ya miguu 8, ndogo kuliko punje ya mahindi, yenye maandishi kama 93C66, 24C16 au 95160. Hiyo 93C66 inabeba baiti 512 tu. Ukiandika kwa mkono hazijazi ukurasa mmoja wa daftari la shule, lakini zikivurugika gari la mamilioni linakuwa banda la kuku. Kwenye maboksi mapya daftari liko ndani ya prosesa yenyewe, yaani ubongo wa boksi, na chipu ya pembeni hutaiona.

Nitajuaje kama kumbukumbu ndiyo mbovu?

Mimi huwa namuuliza mteja mambo mawili kabla sijagusa bisibisi: limesahau nini, na limesahau lini?

Likisahau saa, stesheni za redio na vioo kupanda vyenyewe, na limesahau baada ya betri kuchomolewa, huo si ugonjwa. Ubao umefutwa tu.

Likisahau kila asubuhi bila betri kuguswa, au kila ukizima gari kwa saa kadhaa, shaka yangu haiendi kwenye chipu hata kidogo. Inaenda kwenye waya unaotakiwa kuleta umeme muda wote. Boksi linalopata umeme wa switi (unaokuja ufunguo ukifunguliwa) peke yake hufanya kazi vizuri mchana, halafu usiku linakuwa kama halijawahi kuzaliwa.

Likisahau funguo, au likianza kuamini lina vitu lisivyokuwa navyo (wipa ya nyuma inajipiga kwenye gari lisilo na wipa ya nyuma, indiketa zinapepesa kwa mwendo wa ajabu, taa za mchana zimejiwasha bila kuombwa), hapo daftari lenyewe linahusika. Kama jambo hilo lilianza siku betri ilipokufa, au siku gari liliposukumwa na kubustiwa, maandishi yameharibika. Kama lilianza polepole, leo sawa kesho si sawa, na joto la Moshi mchana linalizidisha, fikiria lehemu iliyopasuka au maji kabla ya chipu.

Na likifanya vituko ovyo bila mpangilio wowote, kila siku kituko kipya? Hiyo ni ethi. Kumbukumbu mbovu hukosea jambo lile lile kila siku. Ethi mbovu ni mlevi.

Nimebadilisha betri, na kioo cha dereva hakipandi chenyewe tena. Limeharibika?

Hapana. Shikilia swichi mpaka kioo kifunge kabisa, usiiachie, hesabu sekunde tano hivi. Magari mengi hujifunza upya hapo hapo. Tafadhali usimlipe mtu kwa kazi hii.

Mashine ya kusoma hitilafu imeandika kuwa kumbukumbu ya ndani ina hitilafu. Ninunue boksi jingine?

Bado. Elewa kwanza mashine imejuaje. Gari linapoamka, boksi husoma daftari lake, hujumlisha namba zilizomo, kisha hulinganisha na jumla iliyoandikwa mwishoni. Mwanakikoba yeyote anaujua mchezo huu. Mkifunga hesabu na jumla ikakataa kukubaliana na daftari la mweka hazina, hamjui bado ni shilingi ya nani, wala hamjui kama imeibiwa au imeandikwa vibaya. Mnajua tu kwamba hesabu haikubali. Vivyo hivyo hapa: umeme ukiyumba boksi likiwa katikati ya kuandika, namba moja hugeuka, na chipu yenyewe inabaki nzima kabisa. Karatasi haina kosa, kilichochafuka ni wino.

Kwa upande wa injini misimbo ya namna hii, yaani namba za hitilafu ambazo mashine inaonyesha, imesawazishwa kwa magari yote: P0601 ni jumla kutokubali, P0603 ni kumbukumbu inayoishi kwa umeme wa betri, P0604 ni RAM, P0605 ni ROM, mahali pa ile programu. Kwa bodi hatuna bahati hiyo. Msimbo wa herufi B ukifuatiwa na 1 au 2 una maana aliyoupa mtengenezaji wa gari, na msimbo ule ule kwenye gari jingine unaweza kuwa mkanda wa kiti. Usitafsiri kwa kukumbuka gari la wiki iliyopita.

U0140 nayo inawapoteza wengi. Hayo ni malalamiko ya vifaa vingine kwamba havilisikii boksi la bodi. Hayasemi boksi limekufa. Jirani asipopokea simu huwa hutangazi msiba.

Tunachofanya: tunaandika misimbo yote pamoja na hali yake, ya sasa au ya zamani. Tunachaji betri ijae. Tunafuta. Tunawasha na kuzima switi mara nne tano, halafu gari linalala. Asubuhi, msimbo wa kumbukumbu ukirudi papo hapo switi inapofunguliwa, na umeme wote umethibitishwa kuwa mzuri, sasa tunaweza kuanza kuzungumza habari za kufungua boksi.

Kimashine changu cha blututhi hakioni chochote kwenye bodi. Maana yake ni nzima?

Maana yake kimashine hakijui kuuliza. Vingi vinasoma injini tu. Tena magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana plagi ile ile ya matundu 16 lakini yanazungumza lugha yao, na kimashine cha bei ndogo husema "hakuna mawasiliano" hata kwa injini inayounguruma.

Nianze kupima wapi?

Betri, kisha fyuzi, kisha ethi, kisha mtandao (nyaya ambazo maboksi ya gari huzungumzia). Usiruke.

Betri iliyopumzika usiku kucha inatakiwa isome karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka utegemee kati ya 13.8 na 14.5. Sasa muombe mwenzako apige stata huku unatazama mita: ikishuka chini ya 9.6, boksi linazirai kila asubuhi na hakuna programu itakayolisaidia.

Fyuzi usizitazame kwa macho, zipime pande zote mbili. Mama mmoja wa Majengo, Moshi, alituletea gari lililosahau rimoti na saa kila usiku. Fundi wa kwanza alikuwa ameshaagiza boksi. Kumbe mumewe alichomoa fyuzi iliyoandikwa DOME kwa sababu taa ya ndani ilikuwa inakula betri. Kwenye gari lile fyuzi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inalilisha boksi usiku. Tuliirudisha, tukabadilisha swichi ya mlango iliyokuwa inaacha taa ikiwaka, basi. Boksi lililoagizwa sijui liliishia wapi.

Umeme unaofika kwenye plagi ya boksi usiupime kwa mita peke yake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja utakuonyesha volti 12 safi kabisa, kwa sababu mita haivuti kitu. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge kati ya waya ule na ethi. Inavuta karibu ampia 1.75. Ikiwaka kwa nguvu, waya ni mzima. Ikiwa nyekundu ya makaa, umempata mgonjwa. Fanya hivyo kwa kila umeme unaoingia: wa muda wote, wa aksesori, na wa switi. Ila balbu hii ni ya nyaya zinazoleta umeme tu. Usiichomeke kwenye nyaya za mawasiliano wala za sensa, utaua kitu.

Ethi: waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye mguu wa ethi wa boksi, taa kubwa na feni vikiwa vinafanya kazi. Usomaji uzidi sifuri kidogo tu. Ukivuka volti 0.1 naanza kufuatilia waya mpaka kwenye bati. Mara nyingi naukuta umefungwa juu ya rangi mpya, kwa sababu gari liligongwa, likanyooshwa, likapakwa rangi nzuri, na hakuna aliyekumbuka kwamba ethi inataka chuma kitupu.

Mwisho mtandao. Chomoa betri, pima omu kati ya tundu la 6 na la 14 kwenye plagi ya mashine. Panapokuwa na mtandao wa CAN utasoma karibu 60, kwa kuwa kuna vizuizi viwili vya 120, kimoja kila mwisho. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Angalia tu kwamba baadhi ya magari yana mtandao wa bodi wa peke yake usiofika kwenye plagi hiyo.

Kwa nini matatizo haya yanazidi mvua zikianza?

Maji, na kwa Arusha nitaongeza: mijakaranda. Ikichanua kati ya Oktoba na Novemba barabara zetu zinapendeza kweli, watu wanapiga picha, nasi tunanoa bisibisi. Maua yale yanaanguka kwenye kile kibati chini ya wipa, yanaoza, yanaziba matundu ya kutolea maji. Mvua za vuli zinaponyesha, maji yanajaa kama karai, yanatafuta njia, na njia yaliyoachiwa ni shina la nyaya linalopita kwenda ndani. Yanateremka juu ya waya mpaka kwenye plagi ya boksi. Ukiegesha chini ya mti huo, toa maua kila wiki kwa mkono.

Njia nyingine ni kioo cha mbele kilichobadilishwa kwa gundi hafifu, na kwa watu wa Moshi wanaowasha eisii mwaka mzima, bomba la kutolea maji ya eisii lililoziba. Zulia la upande wa abiria likiwa na unyevu, usilianike ukaridhika. Uliza maji yametoka wapi.

Boksi lililoingia maji lichomolewe betri ikiwa imetolewa, lifunguliwe, lisafishwe kwa isopropili alkoholi na brashi laini mpaka kutu ya kijani iishe, likaushwe kwa joto dogo. Kuosha kwa petroli nimekuona kwingi. Inaacha mafuta na inawaka. Na kulifukia kwenye mchele ili likauke? Mchele acha upikwe.

Nilibusti kwa betri ya Fuso. Kuna shida?

Fuso nyingi zina volti 24. Gari lako lina 12. Kama limepona, mshukuru Mungu na usirudie. Kama limeanza vituko baada ya hapo, tuambie ukweli unapofika, maana wateja wengi huanza na "lilikuwa tu limeegeshwa". Kuchomelea ni hivyo hivyo: mtu anachomelea keria au bampa, betri iko mahali pake, na umeme wa mashine unapita kwenye bodi kutafuta klampu yake. Toa nyaya za betri kwanza, zote mbili, chanya na hasi.

Gari letu ni la utalii. Lina friji, redio ya mawasiliano na soketi za kuchajia simu za wageni. Je, vinahusika?

Vifaa havina kosa. Tatizo ni mahali vilipochukuliwa umeme. Tumekuta inveta imeungwa kwenye waya wa taa ya ndani, yaani ndani ya himaya ya boksi la bodi, kwa sababu ulikuwa karibu. Kila mgeni akichomeka kamera, boksi linaona mzigo lisiouelewa. Friji na inveta ziende kwenye betri ya pili kwa fyuzi zao na waya wao mnene.

La pili ni mtikisiko. Gari linaloparuzwa na barabara ya makorongo madogo ya kuelekea Serengeti, safari baada ya safari, lehemu zake zinachoka. Boksi likifunguliwa, tazama kwa kioo cha kukuzia kuzunguka miguu ya plagi kubwa: ukiona pete nyeusi nyembamba, lehemu imeachia. Hiyo haihitaji programu, inahitaji mkono uliotulia.

Betri inaisha gari likilala siku tatu. Ni kumbukumbu?

Huenda boksi halilali. Unga mita ya ampia kwenye waya wa hasi, funga milango (komeo la mlango ulioachwa wazi lisukume kwa bisibisi ili gari liamini umefungwa), subiri nusu saa nzima bila kugusa rimoti. Isizidi miliampia 50. Ikibaki 300, hiyo ni zaidi ya ampia-saa 7 kwa siku, na betri ya 45 itafika nusu siku ya tatu. Chomoa fyuzi moja moja mpaka mita ishuke. Mara nyingi anayelikesheza boksi ni swichi ya mlango au alamu iliyofungwa mtaani.

Mimi ni fundi. Nimethibitisha umeme, ethi na mtandao. Nasomaje chipu?

Piga picha kwanza, nukta ya mguu wa 1 ionekane. Klipu ya kushika chipu ikiwa bado kwenye kibao ni rahisi lakini ni mwongo: unapoilisha chipu unaamsha na prosesa, nayo inaanza kuongea juu ya sauti yako. Nikiwa na shaka naiinua kwa hewa ya moto.

Soma mara tatu, linganisha faili. Zikitofautiana, huna faili, una kelele. Ikiwa zote ni FF (alama ya nafasi tupu) kuanzia mwanzo hadi mwisho, usishangilie kuwa umepata ugonjwa. Mara nyingi klipu haijagusa. Familia ya 93C inaweza kupangwa kwa biti 8 au 16, na ukichagua kinyume baiti zitakuja zimebadilishana nafasi mbili mbili. Na hakikisha programa yako (mashine ya kusomea na kuandikia chipu) inatoa volti ambayo chipu inataka kwenye nyaya zote, si kwenye mguu wa umeme tu.

Nakala ya asili, hata ikiwa imeoza, iweke sehemu mbili kabla hujaandika chochote. Nililijifunza hili kwa aibu. Miaka ya mwanzo niliandika faili "nzuri" ya gari linalofanana juu ya daftari la kigari cha abiria cha Moshi–Arusha, bila kuhifadhi la kwake. Taa zote zikapona. Funguo zote mbili zikakataa. Gari lilikaa kwangu siku nne, na dereva alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye ndoo, akanitazama bila kusema neno.

Ukishahifadhi, ijaribu chipu ya zamani: iandikie 55 kote, isome, iandikie AA kote, isome. Ikikosea hata baiti moja imechoka. Watengenezaji huahidi kuandika mara 100,000 hadi milioni moja, lakini boksi lisilolala huandika mno. Ikifaulu, chipu ni nzima na kilichoharibika ni maandishi. Yarekebishe, halafu rudi kutafuta umeme uliyumba wapi, la sivyo utaliona gari hilo tena baada ya wiki mbili.

Naweza kufunga boksi la mtumba?

Ndiyo, namba za kwenye lebo zikilingana zote, na daftari la zamani likihamishiwa kwenye jipya. Ukilifunga hivi hivi halitaujua ufunguo wako, na baadhi ya magari hufunga namba ya chasisi ndani yake yasikubali tena. Usimwachie muuzaji boksi lako bovu kama punguzo la bei. Daftari la gari lako limo humo.

Mnaweza kurudisha kilomita nyuma?

Hapana.

Nikija nije na nini?

Funguo zote, hata ule uliovunjika. Kadi ya gari na kitambulisho, kwa sababu hatugusi data za funguo za gari bila kujua ni la nani. Betri usiibadilishe njiani ili "kutusaidia". Tunataka kulikuta gari kama lilivyoumwa. Na kama kuna fundi aliyepita kabla yetu, mpigie umuulize aligusa nini. Hatutamsema.